Wakati uliopita wa Kiingereza kwa vitenzi vya -ed: kuuandika, kuutamka na kuutumia bila kuchanganya na -li-, -me- na -ka- zetu

Wengi wanaojifunza Kiingereza wakifika kwenye wakati uliopita wanatishwa na ile orodha ndefu ya vitenzi vinavyobadilika ovyo, go inakuwa went, buy inakuwa bought, mpaka wanasahau kwamba vitenzi vingi kabisa vya lugha hiyo vinafuata sheria moja tu, unaongeza -ed mwishoni basi. Na kila kitenzi kipya kinachozaliwa saivi kinaingia huko huko, google ikawa googled, download ikawa downloaded, text ikawa texted. Hata vingine vilivyokuwa vya ajabu zamani vimeshahamia, help kwenye Kiingereza cha miaka ya 1600 bado unaikuta na umbo la holpen, leo ni helped.

Kwa hiyo kuunda sio kazi. Kinachotuangusha sisi tunaofikiri kwa Kiswahili ni kutumia, maana kichwani tayari tuna -li-, -me-, -ka-, -likuwa na nyingine, na kila moja inatafuta mwenzake wa Kiingereza pale isipomkuta. Tutaanza na kuandika, alafu kutamka, alafu kukanusha na kuuliza, alafu tunachukua viambishi vyetu kimoja kimoja tuone kinaenda wapi. Hiyo ya mwisho ndio ndefu na ndio yenye faida kuliko zote, ukiwa na haraka ruka uende huko.

Hatua ya 1: umbo ni moja kwa watu wote

I worked, you worked, she worked, we worked, they worked. Ile -s ya "she works" inayosumbua kila siku inapotea kabisa hapa, hakuna cha "she workeds" wala "she works yesterday". Ila usisahau kumtaja mtendaji, sisi tukisema "walifanya" yule wa- keshatuambia ni nani, Kiingereza ukisema "worked" peke yake msikilizaji hajui ni nani aliyefanya.

Hatua ya 2: spelingi

Vitenzi vingi ni kubandika -ed tu: clean, cleaned. Help, helped. Start, started. Kikiisha na e tayari unaongeza d peke yake, live inakuwa lived, close inakuwa closed, agree inakuwa agreed.

Kikiisha na y angalia herufi iliyo kabla yake. Ikiwa konsonanti, y inageuka i: study, studied, carry, carried, cry, cried. Ikiwa irabu, y inakaa kama ilivyo: play, played, stay, stayed, enjoy, enjoyed. Sasa hapa wengi wanaandika payed na sayed kwa kufuata sheria hiyo kwa uaminifu, lakini pay, say na lay ni waasi, ni paid, said, laid.

Alafu kuna kurudufu herufi ya mwisho, na hapa ni vizuri kujua sababu kuliko kukariri. Angalia hope na hop. Ya kwanza ni kutumaini, ya pili ni kuruka kwa mguu mmoja. Wakati uliopita wa hope ni hoped, sasa ukiiongezea hop hiyo -ed bila kurudufu utapata hoped tena na msomaji atasoma ulitumaini. Kwa hiyo unaandika hopped, zile p mbili zinalinda irabu fupi isisomwe ndefu. Ndio hivo hivo stop, stopped, plan, planned, beg, begged, drop, dropped. Masharti: kitenzi cha silabi moja, kinachoisha na konsonanti moja, na kabla yake irabu moja tu. Zikiwa irabu mbili hakuna kurudufu, cook ni cooked, rain ni rained. Zikiwa konsonanti mbili pia hakuna kurudufu, ndio maana help haikuwa helpped. Na w, x, y hazirudufiwi kamwe, fix ni fixed, show ni showed.

Vyenye silabi mbili vinataka sikio kidogo. Ukisikia mkazo uko mwishoni unarudufu: admit, admitted, prefer, preferred, occur, occurred. Mkazo ukiwa mwanzoni huongezi kitu: visit, visited, open, opened, offer, offered, listen, listened. Kiswahili mkazo wetu unakaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo hatujazoea kuuwinda, lakini Kiingereza unahamahama. Ukiwa na shaka fungua kamusi, kile kialama kidogo kama kistari cha kusimama kinawekwa kabla ya silabi yenye mkazo.

Mengine ni madogo. Waingereza wanaandika travelled na cancelled, Wamarekani traveled na canceled, chagua upande mmoja ubaki nao kwenye andiko lote. Learnt na burnt utaziona Uingereza, learned na burned utaziona kila mahali, zote ni sahihi. Panic inakuwa panicked, ile k inaingia ili c isije ikasomwa s.

Hatua ya 3: matamshi

-ed moja, sauti tatu, na nyingi kati ya hizo hazina hiyo "e" kabisa. Sisi tumezoea kila neno liishe na irabu kwa hiyo tunatamka "wokedi", "helpedi", "klinedi", na mtu wa upande wa pili anapata shida kweli kutuelewa.

Weka vidole kooni. Sema sss, hakuna kinachotikisika. Sasa sema zzz, koo linatetemeka. Kipimo ndio hicho. Kitenzi kikiisha na sauti isiyotetemesha koo, yani p, k, f, s, sh, ch, ile -ed inakuwa t: worked inaishia na kt, helped na pt, washed na sht, watched na cht, missed na st. Kikiisha na sauti inayotetemesha, yani irabu zote pamoja na b, g, v, z, m, n, l na wenzake, inakuwa d: cleaned, lived, called, played, closed. Kumbuka ni sauti sio herufi. Laugh imeandikwa na gh lakini inatamkwa f, basi laughed inaishia na ft.

Ya tatu ndio pekee inayoongeza silabi, na inatokea tu kitenzi kikiisha na sauti ya t au d: wanted, started, visited, needed, decided. Hapa unatamka "id" kamili, maana t mbili au t na d haziwezi kukaa pamoja mdomoni. Kwenye Kiingereza cha zamani sana hiyo silabi ilikuwa inatamkwa karibu kila mahali, baadaye ikamezwa, maandishi yakabaki.

Ukishindwa kumalizia na konsonanti mbili, usizitenganishe kwa irabu, ziunganishe na neno linalofuata. "I worked in a school" jizoeze kuisema kama wok-tin, "we lived in a small house" kama liv-din. Inasaidia sana. Na ukisikiliza wenyewe wakisema "I walked to school" ile t ya walked inamezwa na t ya to, huisikii hata uwe na masikio ya aina gani, hapo unategemea maneno mengine kujua kwamba ni jana. Lakini kwenye kuandika usiiache hata kidogo.

Hatua ya 4: kukanusha na kuuliza

Ukishika hii moja utaacha kuandika "I didn't worked" maisha yako yote, na wewe sheria yenyewe unaijua tayari kwa Kiswahili. Tazama: nilifanya, kanusha, sikufanya. Ile -li- imeenda wapi? Imetoka, ikaingia -ku-, na hakuna mtu anayeweka -ku- na -li- ya wakati pamoja kwa sababu alama ya wakati uliopita inakaa mara moja tu. Kiingereza ni hivo hivo. Did ikiingia imebeba wakati uliopita wote yenyewe, kwa hiyo kitenzi kinarudi utupu bila -ed:

I worked. I didn't work.
She called. She didn't call.
They wanted to go. They didn't want to go.

Kuuliza ni hivo hivo, Did you finish? Did she call? Where did they stay? Kila ukiona did jiulize kama kuna -ed nyingine kwenye kitenzi kinachofuata, ikiwepo ifute. Jibu fupi ni Yes, I did au No, I didn't, usirudie kitenzi.

Kuna swali moja halitaki did, lile unalouliza mtendaji mwenyewe. Nani alipiga simu? Who called? Hapo did haipo, -ed inabaki kwenye kitenzi. Lakini ulimpigia nani? Who did you call? Tofauti ni kubwa sana, angalia vizuri nani anampigia nani.

Hatua ya 5: viambishi vyetu, kimoja kimoja

Tuanze na -li-. Hii ndio rahisi, nilifika, walianza, ulimaliza, ni -ed ya kawaida: I arrived, they started, you finished. Jambo lilitokea likaisha na wakati wake unajulikana, umetajwa au umeeleweka, yesterday, last week, two years ago, in 2010, when I was young. Ago inakaa nyuma ya muda, two years ago, sio ago two years.

-me- ndio yenye mitego. Nimemaliza, Kiingereza unatumia have au has na -ed, I have finished, she has finished. Jambo limeshatokea lakini msisitizo uko kwenye sasa, kazi imekwisha na hii hapa. Mpaka hapo zinalingana. Ukiweka -sha- unaongeza already, nimeshamaliza, I have already finished. Hajamaliza ni she hasn't finished yet, na tofauti yake na hakumaliza ni ile ile kama ya Kiswahili, hajamaliza bado anaweza akamaliza, hakumaliza ndio basi, she didn't finish.

Mtego wa kwanza: kwenye mazungumzo tunasema bila wasiwasi "amefika jana", "nimemaliza wiki iliyopita". Kiingereza kinakataa kabisa, have haikai na wakati uliokwisha, huwezi kusema "she has arrived yesterday". Ukitaja jana, ni she arrived yesterday. Ukitaka kubaki na has, ondoa jana. Wamarekani mara nyingi wanasema I already finished bila have na kwao iko sawa, lakini hata wao hawasemi I have finished yesterday.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi na vitabu vingi vinaupita kimya. -me- yetu wakati mwingine haisemi tendo limekwisha, inasema hali iliyopo sasa hivi mbele ya macho yako. Amechoka. Amelala. Amevaa koti. Wamekaa. Ukiweka Kiingereza cha have hapo unapata sentensi za ajabu, "she has tired". Hizo ni she is tired, he is asleep, he is wearing a coat, they are sitting. Kipimo changu ni hiki, jiulize ukimtazama huyo mtu sasa hivi unaiona hiyo hali ikiendelea? Ikiwa ndio, tumia is au are. Na ukirudisha nyuma, alikuwa amechoka ni she was tired tu.

Mtego wa tatu, muda. I lived there for ten years, nilikaa huko miaka kumi na sikai tena. I have lived there for ten years, bado nipo. Neno moja tu have linabadilisha makazi ya mtu, kwa hiyo kwenye barua ya kuomba kazi au kwenye usaili kuwa makini sana, ukisema I worked there for five years wanaelewa umeshaondoka.

-ka- inaonekana ya kitoto lakini inaharibu hadithi nyingi. Tukisimulia tunaweka -li- mara moja mwanzoni alafu tunaachia -ka- iendeshe, nilifungua mlango nikaingia chumbani nikawasha taa nikaanza kusoma. Kwa hiyo mtu akihamia Kiingereza anaweka -ed kwenye kitenzi cha kwanza alafu vinavyofuata anaviacha uchi, "I opened the door and enter the room and switch on the light". Hapana. Kiingereza hakina -ka-, kila kitenzi kwenye mnyororo kinabeba -ed yake: I opened the door, entered the room, switched on the light and started to read. Ukimaliza kuandika kisa chochote kirudie uhesabu vitenzi kimoja kimoja, nakuhakikishia kosa hili ndilo litakalotokea mara nyingi.

-likuwa nayo ina njia zake. Ikifuatwa na -na-, nilikuwa napika aliponipigia, ni was au were na -ing: I was cooking when she called. Tendo refu lilikuwa linaendelea, tendo fupi likaingia katikati, lile refu linachukua -ing na lile fupi linachukua -ed. Lakini hiyo hiyo nilikuwa nacheza inaweza pia kumaanisha mazoea ya zamani, zamani nilikuwa nacheza mpira, na hapo Kiingereza kinabadilika kuwa used to, I used to play football. Kiswahili kinaacha mazingira yaamue, Kiingereza kinakulazimisha uchague. Hiyo used to inatamkwa kama yustu, na ukikanusha d inatoka kwa sheria ile ile ya hatua ya 4, I didn't use to play. Na vitenzi vya hali ya moyoni au ya umiliki, want, like, need, believe, own, havipendi -ing, nilikuwa nataka ni I wanted.

Ikifuatwa na -me-, tulipofika walikuwa wameshaanza, ni had na -ed: when we arrived, they had already started. Mawili yamepita lakini moja lilitangulia, hilo lililotangulia ndio linachukua had. Usiitumie had kila mahali kwa sababu tu jambo ni la zamani sana, "I had lived there in 1990" peke yake bila tukio jingine la kulinganisha inaning'inia, sema I lived there in 1990.

Na sasa onyo. Kwa sababu ya nilikuwa, watu wanabandika was kabla ya kila kitu, "I was work", "I was helped my brother". Ya kwanza haina maana, ya pili ina maana mbaya zaidi kwa sababu was na -ed ni kutendwa, I was helped ni nilisaidiwa. Yani wewe ndio ulisaidia alafu sentensi yako inampa sifa mtu mwingine. I helped my brother, basi, was haihitajiki. Was na -ed itumie unapotaka kusema niliitwa, I was called, au mlango ulifungwa, the door was closed.

Hatua ya 6: pale -ed isipozungumzia jana

Kwa ufupi tu. I wanted to ask something, mtu anaomba sasa hivi, ameweka wakati uliopita kwa adabu, na sisi tunafanya hivo hivo, nilikuwa nataka kuuliza. If I lived near the school, I would walk, hii ni -nge- yetu, ningekuwa naishi karibu na shule ningetembea, sikai karibu na wala sio jana. Na ukiripoti maneno ya mtu, alieleza kwamba anafanya kazi usiku, sisi -na- yetu tunaiacha ilivyo lakini Kiingereza mara nyingi kinairudisha nyuma, he explained that he worked at night.

Hatua ya 7: jipime

Funika majibu kwa mkono. Tafsiri: moja, alisimama, akageuka, akacheka. Mbili, hatukufunga dirisha. Tatu, wameshahama. Nne, walihama 2019. Tano, tulipofika mvua ilikuwa imeacha. Sita, nani alijibu? Saba, amechoka kwa sababu alifanya kazi usiku.

Majibu. Ya kwanza, she stopped, turned and laughed, hesabu -ed tatu na sema ya mwisho kwa ft. Ya pili, we didn't close the window. Ya tatu, they have already moved. Ya nne, they moved in 2019, mwaka umetajwa kwa hiyo have imetoka. Ya tano, when we arrived, the rain had stopped. Ya sita, who answered? bila did, maana unamuuliza mtendaji mwenyewe. Ya saba, she is tired because she worked at night, kama uliandika "she has tired" rudi kwenye mtego wa pili wa -me- uisome tena taratibu.